Bondi ya Ngozi ya Mbuzi na Kisima cha Kijijini Kwetu

(Hotuba hii ilitolewa na ndugu yetu, mwanafunzi wa uchumi wa chuo kikuu, mbele ya vijana baada ya futari katika ukumbi wa madrasa. Tumeichapa karibu kama alivyoisema. – Mhariri)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Maustadh wetu, wazee wetu, ndugu zangu vijana, na mama zetu na dada zetu walioko upande wa pili wa pazia. Kwanza naomba radhi. Kumpa mtu nafasi ya kuzungumza baada ya futari na kabla ya Taraweh ni kumtia mtihani, kwa sababu wasikilizaji wameshiba na macho yameanza kuwa mazito. Nitajaribu kuwa mfupi, na nikirefusha, katibu ana ruhusa ya kunivuta kanzu.

Niliambiwa nieleze safari yangu ya Uholanzi, ile ya Julai 2024. Wengi mmeniuliza njiani, "Kwani ulienda kusoma nini huko?" Nikijibu kwamba nilikwenda kusoma mambo ya fedha na mabadiliko ya hali ya hewa, mtu ananiangalia kana kwamba nimemwambia nilikwenda kusoma upishi na umakanika kwa pamoja. Sasa leo nitaeleza, na pia nina ombi kuhusu mfuko wetu, ambalo nimeshamwambia mwekahazina na yeye hakulipenda. Tutafika huko.

Chuo chetu kilitangaza nafasi ya kozi ya wiki mbili za likizo ya kiangazi katika mji wa Utrecht. Nikajaza fomu bila matumaini makubwa, nikapata ufadhili. Barua ilinifikia Mei, na wanaotoka Tana River wanakumbuka Mei ile ilikuwaje. Mvua zilinyesha bara, mabwawa ya juu yakajaa, Masinga ikafurika, na maji yote yale njia yao ni moja tu: kwetu. Mwisho wa Aprili mashua ilizama Kona Punda, watu wakafa. Nyumbani shamba la mahindi na migomba lote liliondoka na mto. Mama yangu na wadogo zangu walikuwa kwenye hema juu ya mwinuko karibu na shule, na mimi niko Nairobi nasoma barua inayoniambia niende Ulaya nikafundishwe mafuriko.

Wallahi nilitaka kukataa. Ilionekana kama dharau. Aliyenisukuma ni baba. Aliniambia, "Mwanangu, hema halihitaji watu wawili kulishikilia. Nenda, lakini ukirudi utuambie hawa watu wanafanyaje."

Na ili mumwelewe baba vizuri, turudi nyuma kidogo. Kabla ya mafuriko kulikuwa na ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Nchi nzima ya Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu. Baba alikuwa na ng'ombe sitini na kitu, akabaki na tisa. Wataalamu waliochunguza ukame ule walisema mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto linaloletwa na binadamu limeufanya uwezekano wa ukame wa namna ile kuwa mkubwa karibu mara 100. Na sisi Afrika nzima mchango wetu katika moshi wa dunia haufiki asilimia 4. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba haya ni mambo ya wazungu na dubu wa barafu. Haya ni ng'ombe wa baba.

Haya. Utrecht.

Darasani tulikuwa thelathini hivi, kutoka nchi kama kumi na tano. Siku ya kwanza nilikuwa naogopa kufungua mdomo. Somo lenyewe, ukiondoa maneno makubwa, ni swali moja: pesa za dunia zinakwenda wapi, na je, zinajenga au zinabomoa? Benki ikitoa mkopo wa kujenga kituo cha makaa ya mawe, pesa ile imechagua. Mfuko wa pensheni ukinunua hisa za kampuni ya upepo, umechagua pia. Kisha wanafundisha namna ya kuzielekeza pesa kwenye mambo yasiyoharibu, na namna ya kuwakamata wanaodanganya, maana siku hizi kila kampuni inajipaka rangi ya kijani. Tulipewa ripoti za makampuni tukaambiwa tutafute uongo. Hilo zoezi nililipenda sana. Lilinikumbusha ustadh wetu na somo la isnadi za hadithi: nani kasema, kasikia kwa nani, na je, ni mkweli?

Chombo kikubwa wanachokitumia ni bondi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Bondi ni karatasi ya deni. Serikali au kampuni inakopa kwa watu wengi, inawapa karatasi, inawalipa riba kila mwaka, na mwisho inarudisha rasilimali. Bondi ya kijani ni ile ile, ila mkopaji anaahidi kwamba pesa zitakwenda kwenye mambo ya mazingira. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilianza mwaka 2007, Benki ya Dunia ikafuata 2008. Uholanzi yenyewe ilitoa yake Mei 2019, ya karibu euro bilioni 6, na sehemu ikaenda kwenye kinga za mafuriko. Kenya pia tunayo. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikopa shilingi bilioni 4.3 kujenga hosteli za wanafunzi zisizopoteza maji na umeme, riba asilimia 12.25. Nilipowaambia wenzangu kwamba hosteli hizo ziko karibu na chuo changu wakafurahi. Sikuwaambia kwamba kodi yake siiwezi, nalala kwingine wanne chumba kimoja.

Sasa siku ya tatu profesa akatuonyesha picha ya kipande cha ngozi ya mbuzi. Kimeandikwa kwa mkono, maandishi ya zamani. Akatuuliza ni nini. Mwengine akasema mkataba wa ardhi, mwengine akasema wasia. Akasema, "Hii ni bondi. Imetolewa mwaka 1648 na bado inalipa."

1648! Fikirini. Ngome ya Mombasa bado ilikuwa mikononi mwa Wareno.

Kisa chake ni hiki. Kusini mwa Utrecht unapita mto unaoitwa Lek, ambao ni mkono wa mto Rhine. Ukingoni kuna tuta refu la udongo linaloitwa Lekdijk. Lisipokuwepo tuta lile, maji yatashuka hadi miji mikubwa ya magharibi, kwa sababu kama robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Katika karne ya 17 mto ulikuwa unakula ukingo kwenye kona moja. Bodi ya maji ya sehemu ile ikahitaji pesa za haraka kulipa mafundi, ikakopa kwa watu. Kipande kimoja cha deni lile ni guilder 1,000, na masharti yake hayana mwisho: maadamu bodi ipo, mwenye ngozi analipwa. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kiliinunua kwa euro kama 24,000, kama kitu cha makumbusho. Mwaka 2015 mtu wao akasafiri nayo hadi Uholanzi, akadai malipo ya miaka 12. Akalipwa euro 136 na senti 20. Yaani euro 11 na ushei kwa mwaka.

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pia, lakini usiku sikulala vizuri, na si kwa sababu ya jua kuchelewa kuzama tu. Nilikuwa na mawazo mawili yanayogombana. La kwanza: hii ni riba. Miaka mia tatu na sabini na kitu ya riba. Sisi tumesoma Suratul Baqarah toka utotoni, na tunajua uzito wa jambo hili, hakuna dhambi ya biashara iliyotajwa kwa ukali kama ule. La pili: lakini tuta limesimama. Watu hawakufa. Na bodi ile, ingawa imebadilisha jina na kuungana na nyengine, bado ipo na bado inajua deni lake. Kwetu kisima kilichochimbwa miaka sita iliyopita hakuna anayejua funguo ziko kwa nani.

Ijumaa tulipelekwa kuliona tuta lenyewe. Nilitarajia ukuta mkubwa wa saruji. Ni mlima mdogo wa nyasi, kondoo wanakula juu, na watu wanapita na baiskeli. Afisa wa bodi ya maji akatueleza kwamba wanaliimarisha kilomita 55, kwa sababu mahesabu mapya ya mvua na mto yanaonyesha halitoshi kwa miaka ijayo. Nikamuuliza nani analipa. Akasema, "Kila mtu." Kila nyumba inalipa kodi ya bodi ya maji, kila mwenye ardhi analipa, na bodi inachaguliwa kwa kura mbali na bunge na mbali na manispaa. Nchi nzima ziko bodi 21, na mwanzo wake ni karne ya 13, kabla hata hawajawa na serikali moja. Wakulima waliona kwamba mmoja akiacha kipande chake cha tuta kioze, wote wanazama.

Na msidhani kwamba hawakuzama. Februari 1953 bahari ilipasua matuta ya kusini magharibi usiku mmoja, wakafa watu 1,836. Afisa yule alituambia kwamba hasara ile ilitokea katika matuta yaliyokuwa yamejulikana ni dhaifu, ila pesa zilikuwa zikienda kwengine baada ya vita. Hapo nikaandika kwenye daftari langu: matengenezo. Neno moja tu. Si kujenga, ni kutengeneza kilichojengwa.

Turudi kwenye riba, maana najua mnaningojea hapo.

Wiki ya pili niliinua mkono. Nikasema, kwa heshima, mimi na watu wangu hatuwezi kununua hizi bondi wala hatutaki kuzitoa, je, katika hili somo lenu tuna mlango? Profesa, Mungu amjaalie kheri, hakunidharau. Alisema yeye si mtaalamu, lakini darasani kuna anayejua kuliko yeye. Akamwita mwenzetu wa Indonesia, dada mmoja anayefanya kazi katika wizara ya nchi yake. Yule dada akasimama akatufundisha sukuk kwa nusu saa bila karatasi.

Kwa ufupi, na maustadh mtanisahihisha, sukuk si deni linalozaa. Mwenye sukuk anamiliki fungu katika mali halisi, jengo au mtambo au mradi, na anachopata ni kodi au faida ya mali ile. Mali ikipata hasara na yeye anaiona. Malaysia ilitoa sukuk ya kwanza ya kijani mwaka 2017, kujenga mtambo wa sola huko Sabah. Machi 2018 Indonesia ikawa serikali ya kwanza kufanya hivyo kimataifa, dola bilioni 1.25. Hapa Kenya sukuk ya kwanza ilikuja 2023, ya Linzi, shilingi bilioni 3, kwa ajili ya nyumba. Kwa hivyo mlango upo. Lakini nilimuuliza yule dada baada ya darasa, kwa Kiingereza changu cha Hola na chake cha Jakarta, kama wanazuoni wote wamekubali. Akacheka, akasema kwao pia wako wanaosema baadhi ya sukuk ni riba iliyovaa kanzu. Mimi nimesoma kidogo baada ya pale na naona wana hoja: ukiangalia baadhi ya mikataba, mali ni jina tu na malipo yamefungwa na kiwango cha riba cha soko. Si kila chenye jina la Kiarabu ni halali.

Jambo jengine ni bima. Hapa mtaniwia radhi, nitakaa kidogo kwa sababu ni habari ya nyumbani.

Bima ya mifugo tunayoijua huku ilianza Marsabit mwaka 2010, wataalamu wa ILRI ndio waliibuni. Haimwangalii ng'ombe wako. Satelaiti inapita juu, inapima ukijani wa malisho, na ukijani wa eneo ukishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, wote mliokata bima mnalipwa. Nia ni kwamba upate pesa mapema ununue chakula cha ng'ombe kabla hajafa, badala ya kulipwa maiti. Mwaka 2013 ikaja Wajir kwa njia ya takaful, yaani mnachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana na mwenye hasara anasaidiwa kutoka humo, bila kamari wala riba, na 2014 wafugaji wa kwanza wakalipwa. Serikali nayo ikaanzisha mpango wake 2015, Wajir na Turkana kwanza, halafu ukafika kaunti nyengine na kwetu Tana River.

Baba alikata bima. Kampuni sitaitaja. Mzee alisita kwanza, akauliza masheikh, akaambiwa hiyo ya kwake haina tatizo, akauza beberu wawili akalipa. Ukame ukaja. Msimu mmoja alipata pesa kidogo, msimu uliofuata, ambao ndio ulimaliza ng'ombe, hakupata kitu. Alipouliza akaambiwa satelaiti imeona kijani.

Sasa ndugu zangu, nyinyi mnajua kijani cha kwetu. Ni mathenge! Mti ule hausikii ukame. Majani yako juu mabichi, ng'ombe yuko chini anakufa. Miiba yake inatoboa hata tairi, na mbuzi akizoea maganda yake meno yanaoza, ndiyo maana wale watu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno kortini kama ushahidi. Baba alisema neno ambalo mpaka leo linanichekesha na kuniuma: "Hiyo satelaiti yenu, ingeshuka ile hayo mathenge, halafu ituambie kama imeshiba."

Siwezi kuthibitisha kwamba mathenge peke yake ndiyo sababu. Lakini niliisema hadithi hii darasani, na kukawa kimya. Profesa akasema jambo hili lina jina katika vitabu, pengo kati ya kinachopimwa na kinachomfika mtu, na kwamba wanaotengeneza bima wanalijua na wanahangaika nalo. Akaniomba niandike kazi yangu ya mwisho juu yake. Nikaandika kurasa kumi na mbili. Nilipata alama nzuri, Alhamdulillahi. Ng'ombe hawakurudi.

Haya mengine nitayapita haraka. Kulikuwa na siku nzima ya ahadi za nchi tajiri. Mwaka 2009 huko Copenhagen waliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Walifika 2022, miaka miwili nyuma, na katika pesa za kiserikali za mwaka ule karibu asilimia 70 zilikuwa mikopo. Yaani mwenye moshi anamkopesha aliyeungua, kisha anamdai. Baku, mwaka 2024, wakaahidi bilioni 300 ifikapo 2035. Nawaachia nyinyi. Pia walituonyesha slaidi ya mikoko ya Gazi, kule Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko, wanauza kaboni, na pesa zinaingia kwenye maji na vitabu vya shule. Nilipoona picha ya pwani yetu ukutani nilikaa wima kama mwenye kiwanja.

Tarehe 15 na 16 Julai zilikuwa Tasua na Ashura. Nikafunga. Jua kule linazama karibu saa nne za usiku, na Alfajiri inaingia mapema mno, kwa hivyo funga yenyewe ni zaidi ya saa kumi na nane. Nilifuturu katika msikiti mkubwa wa Waturuki karibu na stesheni ya treni, wakanipa supu ya dengu mpaka nikasema basi. Kabla ya kulala nikampigia baba. Nilimweleza habari za tuta na kodi ya kila nyumba. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kwa hivyo wao hawangojei mtu."

Hapo ndipo ombi langu linapoanzia.

Kisima cha kijijini kwetu kilichimbwa na shirika moja, kikawekewa pampu ya sola na tangi. Siku ya ufunguzi kulikuwa na nyimbo na picha. Miaka miwili ikapita maji yanatoka. Kisha inveta ikaungua. Fundi alitaka shilingi elfu themanini na tano. Shirika lilikuwa limefunga mradi, kamati ya maji haikuwa na hata elfu tano, na kila aliyeombwa alisema ni kazi ya mwengine. Ukame ulipokuja, sisi vijana, na mimi nikiwemo, tulikusanya pesa hapa hapa ukumbini, tukapeleka lori mbili za unga, tende na maji ya chupa. Maji ya chupa, ndugu zangu, mita mia mbili kutoka kwenye kisima chenye maji. Lori lile la maji na usafiri wake lilitugharimu zaidi ya inveta. Nimepiga hesabu kwenye daftari la mwekahazina, na yeye yupo hapa, ananiangalia.

Na sisi si watu wasiokuwa na mfano. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma Madina akakifanya cha watu wote. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alishauriwa na Mtume (S.A.W.) aizuie asili na atoe matunda yake sadaka, isiuzwe, isirithiwe. Nabii Yusuf (A.S.) aliweka akiba miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki, na aliiacha nafaka ndani ya mashuke isiharibike, yaani hata matengenezo ya akiba aliyafikiria. Nilipokuwa nikitazama ile ngozi ya mbuzi nilijiambia, hawa wamepata kitu kinachodumu karne nyingi, lakini wamekipata kwa riba. Waqfu unadumu vilevile, na hauna riba. Tofauti ni kwamba wao wana mtu ofisini anayejua deni la 1648, na sisi waqfu nyingi za mababu zetu hatujui hata mipaka yake.

Kwa hivyo naomba hivi. Zakatul-fitri iguswe na nani? Hiyo ni chakula na ina wenyewe, na zakaa ya mali ina mafungu yake manane, mimi si mufti. Nasema juu ya sadaka ya kawaida tu, ile tunayopitisha kapu kila usiku. Thuluthi moja yake mwaka huu isinunue kitu cha kuliwa. Tuifanye waqfu wa matengenezo: tununue mbuzi majike, wakae kwa wafugaji watatu waaminifu kwa mkataba wa kugawana watoto, na fungu la mfuko liuzwe kila mwaka, pesa ziwe za pampu na fundi tu. Kamati iwe na mtu wa kijijini, mtu wa hapa, na mwanamke mmoja anayeteka maji, kwa sababu yeye ndiye atakayejua pampu imeanza kukohoa kabla ya wanaume wote.

Mwekahazina ameniambia maneno ambayo siwezi kuyapuuza. Amesema, "Mwenye njaa leo utamwambia asubiri mbuzi azae?" Sina jibu zuri. Nilipeleka unga mimi mwenyewe, nikaona mikono iliyoupokea, na mmoja wao ni shangazi yangu. Tukitoa thuluthi, kuna familia ambazo mwaka huu hazitapata mfuko wa unga, na tutazijua kwa majina. Nimefikiri sana na bado naona ni thuluthi. Wengine mnaweza kuona ni robo, au si mwaka huu. Na mbuzi pia wanakufa ukame ukija, hilo aliniambia baba kabla yenu. Yeye alipendekeza nusu iwe mbuzi na nusu iwe fungu la duka sokoni Hola, ili mkono mmoja ukivunjika uko mwengine. Mzee hajasoma uchumi, lakini profesa wangu angempa alama.

Fundi nimeshazungumza naye. Inveta sasa imepanda bei, anataka laki moja na kumi, na atafundisha vijana wawili wa kijijini bila malipo kama tutamlipia usafiri.

Kura tutapiga Jumamosi baada ya Alasiri hapa hapa, wanaume na wanawake, na daftari la hesabu litakuwa mezani kila mtu alisome. Naona katibu ameanza kuangalia kanzu yangu. Maswali yenu nitayapokea baada ya Taraweh, hata yale ya riba.